Sauti ya Kaka Katika Katuni ya Visiwani

Mama yangu alimsikia kaka yangu akiongea chumbani kwangu Karatu, zaidi ya mwaka mmoja baada ya sisi kumzika. Ilikuwa mchana, jua likiwaka, nami nilikuwa uani naanika nguo. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akawa ananitambua kwa hatua zangu tu. Sauti ilitoka ndani, ikacheka, ikasema kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwetu Olbalbal, "Haya wapenzi watazamaji, kaeni vizuri, mtumbwi ndio huo unaondoka." Kisha ikajitaja jina.

Mama hakupiga kelele. Alinyanyuka, akapapasa fimbo yake, akatembea hadi kwenye ua wa michongoma, mbali na mlango kadiri uwanja ulivyoruhusu, akasimama ameipa nyumba mgongo.

"Nani anaongea humo ndani?"

"Ni sinema, yeyo," nilisema. Yeyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaasai. "Mtoto anatazama katuni."

"Sikuuliza mtoto anatazama nini. Nimeuliza nani anaongea."

Nina shahada ya fizikia. Niliwahi kukaa ukumbini nikafanya mtihani mzima kuhusu mawimbi ya sauti: yanavyosafiri, yanavyonaswa, yanavyohifadhiwa na kurudishwa. Siku ile nilisimama na shati lililolowa mkononi, likinidondokea miguuni.

Kwetu, jina la kijana aliyekufa halitamkwi tena. Mzee aliyekwisha kulea na kuwa na wajukuu anaweza kutajwa, lakini kijana, hapana. Wazee wanasema ukimwita atageuka, na aliyegeuka hafiki anakokwenda. Jina la kaka yangu lilikuwa na asili ya neno la kitu cha kila siku, na tangu tumzike, pale bomani kwetu kitu hicho kinaitwa kwa neno jingine. Hata watoto wadogo walibadilisha bila kuambiwa mara mbili. Nilipokuwa chuoni niliwasimulia wenzangu desturi hii nikicheka. Nilisema ni woga uliovalishwa shuka. Kaka alikuwa hai wakati huo.

Alikuja Karatu kama wanavyokuja wengi wa rika lake, na rungu na sime, kutafuta kazi ya ulinzi. Akapata lindo kwenye banda moja la video nyuma ya soko. Mwenye banda ni Mwiraki, Mmbulu wa hapohapo Karatu, mnene anayependa utani, na biashara yake ilikuwa filamu zilizotafsiriwa: mtu anakaa na kipaza sauti, anazungumza juu ya wahusika, anawasemea wote, watoto, wazee, maadui na mbwa. Siku moja mtafsiri wake hakutokea, na ukumbi umejaa. Watu wakaanza kudai warudishiwe viingilio. Kaka, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia na rungu lake, akaketi, akashika kipaza sauti. Kiingereza chake kilikuwa cha kukisia. Alichokijua ni kuangalia nyuso za watu na kusema wanachokiwaza. Baada ya siku ile hakurudi tena lindoni.

Filamu iliyomtoa ilikuwa katuni ya muziki, ya kutazamwa na familia nzima, iliyotengenezwa kwa kufuata mambo ya visiwa vya Polinesia, huko katikati ya bahari kuu ya Pasifiki. Vijana wa kisiwani wanafufua mtumbwi mkubwa wa mababu na kuingia baharini huku wanaimba. Nyuma yao, ufukweni, anabaki bibi kizee. Kazi ya bibi ni kuyaita majina ya wote waliowahi kuondoka na maji, wafu wote wa kisiwa, mmoja baada ya mwingine, ili waijue njia na kuwaongoza walio hai. Ngoma zinalia, na kila jina likiitwa mwanga unatokea juu ya maji.

Nilipoitazama mara ya kwanza, pale bandani, nilimuuliza kaka kama wenyeji wa visiwa hivyo waliulizwa kabla ya mababu zao kugeuzwa vibonzo vya kucheza ngoma.

"Wewe uliulizwa," alisema, "watalii walipokuwa wananipiga picha naruka pale kwenye boma la utamaduni?"

"Ndiyo maana nauliza."

"Basi shukuru. Wale wamechorwa miguu minene tu. Wewe wakikuchora, watakuwekea shingo ya twiga."

Ukumbi mzima ulicheka, maana kipaza sauti kilikuwa wazi.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo watu wa Karatu hawakulijua. Alipofika mahali bibi anaita majina, kaka hakuweza. Mtoto wa Olbalbal, kukaa gizani na kuita wafu kwa majina, hata kama ni wafu wa kuchorwa, wa bahari asiyoijua! Akaita ng'ombe. Alichukua sauti ya mama yetu, ile ya kukwaruza, yenye kikohozi kidogo katikati, na kwa sauti hiyo akaita: Paji Jeupe. Mwekundu Mpole. Pembe Moja. Yule wa Mahari ya Shangazi. Mama wa Wengi. Wairaki na Wachaga waliojaa bandani walijipiga mapaja kwa kicheko. Mimi sikucheka. Walikuwa ng'ombe wetu waliokufa wakati wa ukame ule mkubwa, na aliwaita kwa mpangilio uleule waliokufa nao.

Na baada ya ng'ombe wa mwisho akajitaja yeye, jina lake kamili, kama watafsiri wote wanavyofanya kila baada ya dakika chache, ili mtu asije akaiba kazi yake. Kisha akasema, "Msiondoke, narudi sasa hivi." Kiti kikakwaruza sakafuni. Hatua zikaenda. Filamu ikaendelea yenyewe kwa Kiingereza hadi mwisho.

Mwenye banda alikuwa anairekodi siku hiyo kwenye kompyuta, na kwa uvivu wake aliiacha hivyohivyo. Baada ya mazishi nilimuuliza kwa nini sauti ya kaka haikurudi.

"Msomi, unataka siri gani?" alinijibu. "Alitoka kujisaidia. Akakuta mvua. Akajibanza kwa mama lishe, akapewa chai, akasahau. Ndugu yako alikuwa mtu wa chai."

Ndivyo ilivyokuwa, naamini. Homa ilimchukua miezi mingi baadaye, haraka, na haikuwa na uhusiano wowote na filamu. Nalisema hili kwa sababu nimejiambia mara nyingi.

Kaka aliacha binti mmoja. Mama wa mtoto anafanya usafi katika loji moja juu kwenye ukingo wa kreta, lile shimo la volkano lenye wanyamapori, na hushuka mwisho wa mwezi, kwa hiyo mtoto anaishi nami na anasoma darasa la kwanza. Katika vitu vya baba yake, alichokitaka ni flashi yenye katuni ile tu. Aliitazama katuni kila alipotoka shule. Niliona ni afadhali. Nilijiambia kwamba huo ni ukumbusho, kama picha ukutani. Ila ikifika "Msiondoke, narudi sasa hivi," mtoto alikuwa anaacha kutafuna na kugeuka kuuangalia mlango. Aliuangalia hadi nyimbo zinakwisha. Nilimuuliza mara moja anatazama nini.

"Baba amesema anarudi," alisema. "Ila kule maji ni mengi, shangazi. Mtumbwi unachelewa."

Nilimweleza. Nilimweleza kifo kwa maneno ya kweli, bila malaika wala nyota, kama nilivyokuwa nimeapa kuwaeleza watoto. Alinisikiliza kwa heshima. Kesho yake akaugeukia mlango tena.

Huo ndio mchana mama aliouingia bila kujua. Nilikuwa nimemleta kutoka Olbalbal kwa sababu madaktari wa macho walikuwa wamefika hospitalini kwa siku chache, na jina lake lilikuwa kwenye zamu ya Alhamisi. Wakiondoka, hakuna aliyejua watarudi lini. Nilizima runinga, nikamfuata kwenye ua.

"Nimezima, yeyo. Twende ndani, jua kali."

"Siingii."

"Ile ni rekodi. Alirekodiwa akiwa mzima. Sauti inawekwa kama unavyoweka maziwa kwenye kibuyu, baadaye unayamimina."

"Maziwa yaliyokaa mwaka mmoja unayanywa wewe?"

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia ni picha tu, kuna bahari, kuna watu wa kuchorwa, wanaimba. Akanigeuzia yale macho yake meupe na ndipo nilipoelewa upumbavu wa ninachosema. Picha gani? Kwake yeye hapakuwa na bahari wala mtumbwi. Palikuwa na chumba, na ndani ya chumba mwanawe anaongea na kujitaja jina.

"Kesho kutwa unanipeleka kwa madaktari," alisema.

"Ndiyo."

"Siendi."

"Yeyo!"

"Nikiwa kipofu namsikia tu. Nikifunguliwa macho nikarudi kwenye nyumba hii, nitamwona. Unataka nimwone?"

Jioni ile alikubali kuingia nilipochomoa flashi na kuipeleka kwa jirani. Lakini kuhusu hospitali hakusogea. Nilitumia kila nilichosoma. Nilimwambia kwamba hata tukiifuta ya kwetu, haisaidii kitu: mwenye banda alishatoa nakala, vinyozi wanazo, madereva wa malori ya vitunguu wanazo, na huko Mang'ola kwenye kambi za wavunaji kaka anazungumza kila siku, wala hakuna nyumba iliyoanguka.

"Huko hawamjui," alisema mama. "Akijitaja huko, ni kelele tu. Hakuna wa kumwitikia."

"Na hapa nani anamwitikia?"

Aligeuza uso kuelekea alikolala mtoto.

Siku ya Jumatano mtoto alirudi shule, akakuta flashi haipo kwenye runinga. Hakulia. Alikwenda kuketi miguuni pa bibi yake, akaweka kichwa kwenye goti lake, akaanza kuchezea shanga za mkononi mwake.

"Koko," alisema, maana ndivyo anavyomwita bibi, "una ugomvi na baba?"

"Nyamaza."

"Yeye hana ugomvi na wewe. Anawajua ng'ombe wako wote."

"Ng'ombe wangu gani?"

Mtoto akawataja. Paji Jeupe. Mwekundu Mpole. Pembe Moja. Yule wa Mahari ya Shangazi. Alipofika Mama wa Wengi aliweka kikohozi, kikohozi cha mama yangu hasa, kutoka kwenye kifua kidogo kile. Nilikuwa nakatakata sukuma wiki, nikaweka kisu chini. Ng'ombe wale walikufa mtoto huyu akiwa hajazaliwa.

Mama alimshika mabega.

"Nani amekufundisha hao?"

"Baba."

"Lini?"

"Juzi," alisema mtoto. Kisha, kwa kuwa ni mtoto mkweli, akafikiri kidogo. "Na kabla ya hapo pia. Kila siku."

Ningeweza kuingilia na kueleza. Nilikuwa na maelezo yote, na yote yalikuwa sahihi. Lakini nilimwona mama yangu anahesabu ng'ombe kwa midomo bila sauti, kama alivyokuwa akiwahesabu wakirudi jioni, na mwisho midomo yake ikatengeneza umbo la kitu kimoja zaidi, ikafumbwa kabla hakijatoka. Nilikuwa sijamwambia kwamba kaka anajitaja baada ya Mama wa Wengi.

Aliyaachia mabega ya mtoto. Kisha akaniita kwa lile jina la utani analolitumia akiwa amechoka kubishana nami.

"Mwalimu wa wazungu."

"Naam, yeyo."

"Unaweza kutoa sauti na kuacha picha?"

"Inawezekana."

"Basi toa. Mtoto abaki na hao watu wa majini, hawana ubaya na sisi. Sauti ipeleke huko ulikosema, kwa watu wa vitunguu. Ifike kabla sijalazwa."

"Sauti huwezi kuipeleka mahali, yeyo, ni—"

"Wewe umesema unaiweka kama maziwa. Kibebe kibuyu."

Niliichukua flashi kwa jirani, nikaenda bandani nikiwa na hasira na aibu. Mwenye banda alifungua kompyuta, akaiondoa sauti kwenye picha mbele ya macho yangu, akaniwekea katuni bubu kwenye flashi mpya. Ile ya zamani, yenye sauti, aliigeuzageuza kiganjani.

"Kwa hiyo namsafirisha marehemu," alisema. "Mzigo huu nauandikia nini, mahindi au abiria?"

"Tafadhali, usitanie."

"Sitanii, dada. Mimi tangu afe sijaiweka hata siku moja. Wateja wanaiomba. Naweka, nasikia anavyovuta pumzi kabla hajaongea, natoa." Akafunga droo yake kwa nguvu isiyohitajika. "Halafu wewe ndiyo msomi. Wewe ndiyo ungeniambia kwa nini."

Flashi tulimpa dereva wa lori lililokuwa linateremka Mang'ola likiwa tupu kwenda kupakia vitunguu. Tulimwambia ni filamu, akafurahi. Alikuwa kijana wa kutoka mbali, wala hakuwahi kumwona kaka. Lori lilipogeuka kuelekea bondeni nilisikia, au nilidhani nasikia, redio ya lori inawashwa na mtu anacheka. Vumbi jekundu likafunika kila kitu. Nilisimama pale zaidi ya nilivyohitaji. Sijui nilikuwa nasubiri nini.

Alhamisi mama alikwenda, akafanyiwa upasuaji. Walimfungua bandeji siku iliyofuata, jicho moja kwanza, jingine litafuata watakaporudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa furaha, kama zile ambazo watu husimulia. Mama alifumbua jicho, akanitazama, akasema nimekonda. Kisha akatazama nyuma yangu, pole pole, kona hadi kona. Alitazama kila mtu aliyekuwa kwenye wodi ile. Mwisho akapumua, akaniomba maji.

Nyumbani alikaa kutwa akiangalia vitu: sufuria, viganja vyake, mapengo ya meno ya mtoto. Mchana mtoto alipotoka shule aliuliza kama anaweza kuweka katuni. Mimi nilimwangalia mama. Mama akasema, "Weka. Nami niwaone hao watu."

Ile bahari ikajaa kwenye runinga, kimya kabisa. Sikuwa nimewahi kuitazama bila sauti. Midomo ya wale watu ilifunguka na kufumbika, ngoma zilipigwa bila kulia, na kilichosikika ni kuku wa jirani.

"Kumbe maji ni mengi hivi," alisema mama. Yeye ambaye maisha yake yote ametembea na punda kutafuta maji. Baada ya muda akauliza, "Ng'ombe wao wako wapi?"

"Hawana, koko," alisema mtoto. "Wana nguruwe mmoja tu."

"Masikini."

Nilidhani itakwisha hivyo. Lakini mtoto hakuweza kuiacha midomo ile itembee bure. Alianza kwa kunong'ona, kisha akakaza sauti: "Haya wapenzi watazamaji, kaeni vizuri, mtumbwi ndio huo unaondoka." Alijua kila neno. Alijua vicheko na mahali pa kuvuta pumzi. Aliwasemea vijana, mawimbi na nguruwe. Nilitaka kumnyamazisha, nikamtazama mama, na mama alikuwa amekaa wima, jicho lake jipya halipepesi, halimtazami mtoto. Linamtazama yule bibi wa ufukweni.

Bibi akainua mikono. Mtoto akachukua sauti ya mama yangu iliyopitia kwa kaka yangu na kuwaita ng'ombe wetu. Paji Jeupe, mwanga juu ya maji. Mwekundu Mpole, mwanga. Pembe Moja. Yule wa Mahari ya Shangazi. Mama wa Wengi.

Kisha akamwangalia bibi yake na akanyamaza. Hakuna aliyemfundisha. Aliacha nafasi, urefu uleule wa jina la baba yake, na katika nafasi ile hata kuku hawakulia. Kwenye runinga mwanga mmoja zaidi uliwaka juu ya maji.

"Msiondoke," alisema mtoto. "Narudi sasa hivi."

"Haya, mwanangu," mama aliitikia.

Aliitikia kama anavyomwitikia mtu aliye mbali malishoni, kwa sauti ya kutosha kufika, kabla hajakumbuka. Niliona mkono wake ukipanda mdomoni, umechelewa. Mtoto alikuwa amekwisha kugeuka kuuangalia mlango. Mama akageuka. Mimi nina shahada ya fizikia, na niligeuka pia. Pazia lilikuwa limetulia. Tuliutazama mlango, sote watatu, hadi picha zikaisha.